Vipimo vya Mtu wa Kwenye Simu

Fundi cherehani hana hali. Mkono uko kwenye kitambaa, macho yako kwenye simu. Ujumbe ukiingia tu, cherehani inanyamaza katikati ya mshono, naye anacheka huku amebana pini midomoni. "Dada, utazimeza hizo!" mdogo wake humwonya kila siku. Na huyo mwanamume anayechati naye hajawahi kumtia machoni! Leo fundi kamwomba vipimo, amshonee shati. Miaka yote ya kazi hajapata mteja asiyejipunguzia tumbo akiulizwa. Jibu likaingia: "Tumbo inchi arobaini na sita. Nikishiba, arobaini na saba." Pini zikatawanyika sakafuni. "Mdogo wangu, huyu hadanganyi!" Akapiga kigelegele, akashika mkasi, akakata kitambaa cha inchi hamsini, amwachie na nafasi ya kucheka.