Kikao cha Kugawa Masomo ya Mke Wangu

Sisi Watanzania wa Minnesota hatufanyi jambo bila kikao. Mtu akinunua nyumba, kikao. Mtoto akimaliza sekondari, kikao, na kingine cha kutathmini kile cha kwanza. Kwa hiyo mwaka 2009, serikali ilipotangaza kwamba askari anaweza kumhamishia mwenzi au mtoto wake mafao ya elimu, yaani kulipiwa chuo kwa ajili ya utumishi wake, binamu yangu anayeishi mji wa Crystal alinipigia simu siku hiyo hiyo kuuliza tunakutana lini.

Askari nyumbani kwetu alikuwa mke wangu. Alijiunga na jeshi la akiba tukiwa bado wageni, akapelekwa Iraki, akaendesha malori ya mafuta, akarudi nyumbani kwetu Richfield na kuendelea kunikumbusha kufunga mkanda wa gari. Mimi nilikuwa na shahada ya fasihi ya Dar es Salaam na kazi ya kupanga mizigo karibu na uwanja wa ndege. Watu waliniita msomi, nami sikuwakataza. Nilikuwa nimeshachagua shahada ya uzamili nitakayosoma, na hata kiti cha maktaba, kile cha dirishani.

Tulikutana sebuleni kwetu Jumapili baada ya ibada. Binamu akawa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyekuja na kalamu. Mama mmoja wa mji wa Savage, ambaye sote tulimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu, alikaa karibu na sambusa. Mke wangu alikuwa jikoni akichemsha chai.

"Ajenda ni moja," binamu akasema. "Msomi arudi shule."

"Naunga mkono," Shangazi akasema. "Tumechoka kumwona na lile koti la njano la kazini."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi bafuni.

Mke wangu akaingia na chupa ya chai. "Mmeshapitisha?"

"Bado sahihi yako tu, shemeji."

"Basi niwaambie. Nikisoma mwenyewe, mkataba wangu unaisha mwezi wa tano, natoka. Nikimhamishia mtu, lazima nikubali miaka minne mingine jeshini. Ndiyo sheria. Na wakiniita kurudi kule, nakwenda." Akamimina kikombe cha kwanza. "Sasa mwenyekiti, hiyo miaka minne nani anaiunga mkono?"

Binamu aliitazama kalamu yake. "Hilo halikuwa kwenye ajenda, shemeji."

"Liweke kwenye mengineyo."

Nilikumbuka asubuhi moja ya baridi baada ya yeye kurudi kutoka Iraki, gari la kusafisha theluji lilipogonga ukingo wa barabara mbele ya nyumba yetu. Niligeuka kumwambia mke wangu kitu, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya jokofu, kikombe bado mkononi, chai haijamwagika. Alisema anatafuta kifuniko. Tukakitafuta pamoja.

Shangazi akaweka sambusa chini, akamgeukia mke wangu. "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kusoma upimaji ardhi."

"Upimaji!" Binamu akashtuka kama aliyetukanwa. "Shemeji, hapa watu wanasoma uuguzi!"

"Uuguzi mmeshasoma nyie wote. Viwanja vyenu vya Kibaha mnavyogombania mipaka kwa simu, nani atavipima?"

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, maana chake kilikuwa kimojawapo.

"Naunga mkono," nikasema.

"Wewe huna kura," binamu akanijibu. "Una maslahi."

"Nilikuwa nayo. Andika."

Akaandika. Mke wangu alianza chuo Januari, na mwezi wa tano ulipofika alirudisha vifaa vya jeshi akaja nyumbani na mfuko mtupu, akalala mchana kutwa.

Jumamosi moja mwenzake wa mazoezi aliumwa, nikaitwa chuoni kumshikia mlingoti wa kupimia. Niliuchukulia mwito huo kama wa kutoa ushauri wa kitaaluma, nikaanza kumweleza mwanga unavyopinda. Yeye alikuwa ng'ambo ya uwanja wenye matope, jicho kwenye darubini, wala hanisikii. Ukingoni lori lilishusha mabomba kwa kishindo. Nilimtazama haraka. Hakuinua kichwa.

"Kushoto!" akapaza sauti. "Kushoto kwangu, msomi! Haya, hapo hapo. Usitikisike."