Tairi za Kumpandisha Baba Mdogo

Nilikuwa nafunga nati ya mwisho kwenye gari la mteja, mama mdogo aliponipigia simu. "Baba yako mdogo ametutoka, mwanangu. Ni moyo." Nikakaa juu ya tairi, spana mkononi. Mungu amrehemu.

Aliuza tairi miaka thelathini, na hakuna aliyenunua bila kuhojiwa kama mshitakiwa. "Njia ya kwako ina lami? Mvua ikinyesha unaliacha gari nyumbani, au unamjaribu Mungu?" Mtu wa njia ya udongo akitaka tairi pana, laini, alimfukuza: "Hivyo ni viatu vya harusi. Nenda ukaoe!"

Shemeji yake, kaka wa mama mdogo, alifukuzwa hivyo hivyo, akaenda kuzinunua kwingine.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na gari la shemeji ndilo pekee lililotosha jeneza. Katikati ya mlima wa makaburini likaanza kurudi nyuma taratibu. Mchungaji, aliyekaa mbele, akafumba macho.

"Kanyaga mafuta!" mama mdogo akapaza sauti.

"Nikikanyaga linateleza zaidi! Huyu mtu ananifanyia makusudi. Anataka nikiri!"

"Basi kiri, kaka, tumzike mume wangu!"

Shemeji akageukia jeneza. "Haya, bwana. Ulisema kweli. Umefurahi?"

Gari likaendelea kurudi hadi chini penye tambarare. Tukajaribu kubeba jeneza kwa mikono. Hatua tatu tu, wabebaji wawili wakakaa kwenye tope. Mchimba kaburi naye akapiga simu: maji yanaingia, tukichelewa hatuziki leo.

Nikachukua gari la jirani, nikakimbilia dukani kwa marehemu, nikarudi na tairi nne zenye meno marefu yaliyoachana, tope lipate pa kutokea. Tukaweka ubao chini ya jeki ili isizame. Nilifunga nati huku nalia, shemeji akinishikia mwavuli na kunihimiza kama vile yeye ndiye fundi.

"Gia ya kwanza, mjomba," nikamwambia, "na usiwe na haraka."

Likapanda.

Tulimzika saa tisa. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kuchota maji. Mchungaji alisali kwa ufupi, tukaimba wimbo mmoja. Mama mdogo alitupa udongo wa kwanza, akafuata kaka yake, kisha mimi.