Siku Niliponyoosha Makinga Maji

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki, nikatolewa darasa la tatu nikashike mpini wa plau, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenipa kitu cha bure. Nasema hivi mapema ili mjue mnayemcheka ni nani, maana mtacheka tu, hata wajukuu zangu wanacheka, na mimi mwenyewe nikiwa peke yangu machungani huwa nacheka, halafu naona aibu, naangalia kama ng'ombe wamenisikia.

Mkasa wenyewe ni wa miaka ile soko la pamba lilipoachiwa huru. Wanunuzi walikuja kila mtu na mzani wake na turubai lake, wakasema limeni tu, tutanunua yote, na sisi bila kuuliza mara mbili tukakata miti tukalima mpaka mgongoni mwa kilima. Misimu minne tu, kilima kikaanza kushuka. Ule udongo wa kichanga tunaouita luseni ukawa unahamia bondeni kila mvua ikinyesha, makorongo yakafunguka ya kumeza mkokoteni na maksai wake, na visima vya mtoni vikawa vinakauka mapema. Ng'ombe walitembea siku nzima kutafuta maji, wakarudi na kiu ileile waliyoondoka nayo.

Ndipo ukaja mradi wa kuhifadhi udongo na maji, na gari lake jeupe na kofia zake. Wakasema kijiji kitakachoonyesha shamba zuri la makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji mteremkoni, kitachimbiwa kwa katapila lambo la kunyweshea mifugo. Lambo moja, vijiji viwili: sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Mkutano ukaulizwa nani ana shamba kwenye mteremko na ana nguvu ya kuchimba, na mimi nikawa nimesimama kabla swali halijaisha. (Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, nina maksai wanne na kichwa kikubwa.)

Mradi ukamleta bwana shamba wao, Fidelis, mtu mpole, mwembamba, na mpira mweupe mrefu uliojazwa maji. Ncha moja anashika yeye, nyingine nashika mimi, maji yakilingana pande zote mbili tunachomeka kijiti, tunasogea. Siku mbili tulifanya hivyo. Tulipomaliza nikarudi nyuma nikatazama, moyo ukaniuma. Vijiti vimepinda! Vinakwenda kulia, vinarudi, vinazunguka kichuguu, vinaingia kibondeni, vinatoka.

Sasa lazima mnielewe. Mimi kwa mstari nilikuwa na jina. Ujanani mwetu bwana shamba wa wakati ule alikuwa anapita mashambani anang'oa pamba isiyonyooka, na kwangu hakuwahi kung'oa hata mche mmoja. Watu walileta watoto wao waje kuangalia mistari yangu. Leo waje wageni na kofia zao waone matuta yaliyopinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea, halafu waambiwe hili ni shamba langu?

Fidelis akapanda pikipiki akarudi Bariadi. Kesho yake asubuhi nikachukua kamba ya kupandia pamba, nikaivuta toka mpaka hadi mpaka, nikang'oa vijiti vyote nikavipanga upya. Mke wangu Minza akapita na beseni kichwani, akasimama.

"Baba Masanja, aliyevipinda hakuwa na sababu?"

"Sababu yake ni kwamba hajui kulima."

"Haya," akasema. (Minza akisema haya, ujue ameshaliona kaburi lako na amechagua nguo ya kuvaa siku hiyo.)

Nikaita watu wa nzengo, ndio majirani tunaosaidiana kazi, tukachimba wiki tatu, makinga maji saba, marefu, ya kufika kiunoni, yamenyooka kama reli. Fidelis alikuwa amepelekwa vijiji vingine, hakuyaona. Mimi nilikuwa nakwenda kuyaangalia jioni bila kazi yoyote, naangalia tu.

Kabla sijafika kwenye mvua niwatajie mama mkwe wangu, Mayu Kabula, mjane, ambaye nilimjengea nyumba ya udongo chini ya lile shamba. Nilimjengea mbali na kwangu kwa heshima, maana kwetu mtu na mama mkwe hawaonani ovyo, hawasalimiani kwa mkono, hawali mahali pamoja. Nikimwona njiani naingia kwenye mtama mpaka apite. Miaka kumi na tano nilikuwa sijamtazama usoni. Tukiwa na neno linapita kwa Minza.

Siku ya wageni ikafika. Vijiji vyote viwili vilikuja, wale wa ng'ambo wakiwa na nyuso za kutafuta kasoro. Turubai likafungwa chini ya kinga maji la saba, wali na mbuzi vikapikwa hapohapo, mkubwa wa mradi akawekewa kiti chenye kitambaa. Nami nikapewa nafasi ya kusema. Nilisema sana. Nilisema udongo wangu hautoki tena bila ruhusa yangu.

Wingu likaja toka upande wa ziwa, jeusi. Watu wakaanza kuinuka. Mtu mwenye akili angesema tuhamie shuleni.

"Kaeni!" nikapiga kelele. "Hiyo mvua nimeiagiza mimi! Kaeni mwone kazi!"

Wakakaa. Mvua ikashuka kama imetupwa. Kinga maji la kwanza likajaa, likatulia, watu wakapiga makofi, mkubwa akapiga picha. La pili likajaa. Nikaona Fidelis, aliyefika siku hiyo na gari la wageni, ametoka kwenye turubai, analoa, anaangalia juu ya kilima kwa jicho la kufuata mstari, halafu ananijia.

"Mzee, vile vijiti vyangu ulivihamisha?"

"Sikuvihamisha. Nilivinyoosha kidogo."

"Ulivi… nini?"

"Nilivinyoosha. Vilikuwa vimepinda."

Fidelis hakunitukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alishika kichwa akasema polepole, "Mzee, maji hayatazami kamba. Katikati ya shamba lako kuna bonde dogo. Umeyaelekeza yote hapo. Yote saba."

Alikuwa hajafunga mdomo, kinga maji la kwanza likapasuka katikati, likaangukia la pili, la pili likaangukia la tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga vizuri, yamenyooka, kila moja lilipasuka palepale chini ya mwenzake. Kazi safi kabisa. Maji yakapita katikati ya wageni, sufuria ya wali ikaondoka na mfuniko wake, kiti chenye kitambaa kikaifuata, na watu wote wakakimbilia juu kwenye mawe, vijiji viwili vikichanganyika. Mtu mmoja wa ng'ambo akapita mbele yangu amebeba paja la mbuzi, hata siku hiyo sikumlaumu.

Nikatazama maji yanakoelekea. Nyumba ya mama mkwe.

Mayu Kabula alikuwa ndani, kwa sababu mkwe wake alikuwa nje anahutubia, na yeye ni mtu wa adabu. Nikakimbia nikafika mlangoni, maji yako magotini, ukuta wa nyuma umeanza kuyeyuka. Minza alikuwa amekwama upande wa pili wa maji.

"Minza!" sauti ya mama mkwe toka ndani. "Mwambie mume wako aondoke mlangoni, nataka kutoka!"

"Minza!" nikaita mimi, nimegeuza uso kwa adabu. "Mwambie mama yako mlango utasombwa, nimeushika!"

"Minza! Mwambie sipiti mbele ya mkwe!"

"Minza! Mwambie ukuta unaanguka!"

"Mwambie ninauona, naishi humu!"

Na Minza, maskini, toka ng'ambo ya maji, alikuwa anapeleka na kurudisha: "Mama, anasema ukuta! Baba Masanja, anasema anauona!" Na juu ya mawe wamekaa watu wa vijiji viwili, wanasikia kila neno, hakuna hata mmoja anayeshuka.

Ukuta ukaenda. Sikuuliza tena. Nikaingia nimefumba macho (naapa, nilifumba), nikapapasa, nikamkuta, nikamtupa mgongoni. Yeye alijifunika khanga kichwa kizima ili asinione, akawa ananipiga na mwiko, paa! paa! "Niache! Niache, huna haya!" Kipofu amembeba kipofu, tumetoka hivyohivyo, na nilipofika mbele ya lile turubai nikakanyaga wali. Tukakaa chini wote wawili, mimi na mama mkwe wangu, bega kwa bega kwenye tope, miguuni pa mkubwa wa mradi. Halafu mwanamke mmoja wa ng'ambo, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele.

Mkubwa alifungua daftari lake lililoloa akaandika mstari mmoja. Sijui kusoma vizuri lakini ule niliusoma kwa mbali.

Wazee wa nzengo walinitoza kondoo na nguo mpya ya mama mkwe kwa kumgusa, na nikatoa, ingawa mzee aliyesoma hukumu alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye mawe wakitazama. Mayu Kabula alileta neno kwa Minza: "Mwambie mume wako nimeshukuru kuwa hai. Nyumba nyingine aijenge juu. Na mistari asichore yeye."

Nikamfuata Fidelis Bariadi kwa baiskeli, nikamwomba arudi na ule mpira wake. Alirudi. Tulipima upya, nikachimba peke yangu, maana nzengo walisema migongo yao bado inauma. Yalipinda, nami nikaumeza mpindo wote. Msimu uliofuata udongo ulikaa. Lakini lambo lilikuwa limeshakwenda ng'ambo ya mto. Miaka sita nilivusha ng'ombe wangu mto nikawanyweshe kwao, na kila siku walinipokea: "Mwadila, baba! Leo mama mkwe umemwacha na nani?" Naitikia. Ningefanyaje, ng'ombe wana kiu.

Tangu hapo, mtu anayejua kazi yake akichomeka kijiti kwenye shamba langu sikigusi, hata kama kimepinda kama pembe.

Leo nina ekari kumi na nane. Nina ng'ombe arobaini na mmoja, na maksai sita. Nina plau mbili, mkokoteni mmoja, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati, na ngitili ya ekari tatu ambayo majani yake hayaguswi mpaka kiangazi. Nina makinga maji kumi na moja. Lambo kijiji chetu hakina.