Sigara ya Umeme na Maganda ya Viazi

Mama mkwe wangu hakuwahi kupikia sufuria mpya kabla ya kuichemsha. Alijaza maji, akatia maganda ya viazi na konzi ya majivu, akaacha vitokote mpaka maji yawe meusi, kisha akayamwaga nje kwenye mawe ya lava. Alisema kiwanda huacha mafuta yake kwenye kila kitu, na anayeyala ni mjinga. Watu wa kwao, Kindu, walifanya hivyo, na mimi niliyeolewa katika nyumba yake ya mtaa wa Katoyi nikafanya hivyo, nipende nisipende.

Mlima wetu wa volkano ulipolipuka tulikimbilia mji wa Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi nyumba ilikuwepo, lakini hewa ilikuwa vumbi tupu. Mume wangu, dereva wa lori la kabichi za Kibumba, alikuwa na kikohozi tangu zamani. Sasa alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari hakuzungusha maneno: aache sigara, la sivyo mapafu hayatamfikisha mbali. Alijaribu kuacha kwa pipi, kwa karanga, kwa dua. Akashindwa, nami nikawa namtukana kwa sababu ya woga tu.

Rafiki yake aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dubai akamletea sigara ya umeme, ili avute mvuke badala ya moshi. Tuliifungua mezani: kitungi kidogo cha kioo, vipande vya chuma, pete za mpira, betri, na koili mbili, yaani vile viini vyenye waya na pamba vinavyotengeneza mvuke. Ilinuka mafuta ya mashine. Nilipitisha kidole ndani ya chuma, kikatoka cheusi. Yule rafiki akatutumia maelezo ya sauti kwenye simu: chuma, kioo na mpira vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, visuuzwe, vikauke kabisa. Koili zisiguswe na maji. Nilipanga kuifanya kazi hiyo mwenyewe nikitoka soko la Kituku, ninakonunua dagaa wa ziwani, tunaowaita sambaza, wa kuuza.

Niliporudi nilinusa maganda ya viazi tangu mlangoni. Betri ilipona kwa kuwa mume wangu alikuwa ameipeleka kuchajiwa kwa jirani. Vingine vyote vilikuwa vinachezacheza ndani ya maji meusi ya sufuria ya mama mkwe, na koili zote mbili zikiwemo.

"Mama, hii si sufuria!" nilifoka.

"Kitu ya kiwanda haiwezi kuingia mu kinywa ya mutoto wangu na mafuta yake," akajibu bila kugeuka. "Wewe ulikuwa unachelewa ku Kituku. Mie niko mama yake."

Ningesema mengine, na yangekuwa mabaya. Mume wangu aliingia wakati huohuo, akaona kilichotokea, akanikata jicho ninyamaze. Kesho yake, vipande vilipokauka, aliviunganisha akavuta mbele ya mama. Pamba ilikuwa imejaa utelezi wa viazi na majivu. Harufu ya kuungua ilinifikia nilipokuwa nimesimama, na yeye macho yalimjaa machozi.

"Papa, iko muzuri?" mama akamuuliza, akimwita papa kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Iko muzuri sana, mama. Aksanti. Haina hata harufu ya mafuta."

Mama alicheka, akapiga makofi. Hakuwa amecheka hivyo tangu mlima ulipolipuka. Nilimfuata mume wangu nyuma ya nyumba nikiwa nimechemka.

"Unamudanganya ya nini?"

"Koili zingine zitakuja. Wacha mama afurahi kwanza."

Zilipaswa kuja na mzigo mwingine wa yule rafiki. Lakini waasi wakashuka kutoka upande wa Rutshuru, barabara ikafungwa pale Kibumba, lori likasimama. Yule rafiki alikosa wateja, akaacha kusafiri. Kila jioni mume wangu alikiweka kile kifaa kibovu mdomoni mbele ya mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kisha akaenda kuwasha sigara nyuma ya nyumba. Harufu ya moshi aliwasingizia madereva wenzake. Alivuta kuliko zamani, maana hakuwa na kazi ya kumshughulisha. Nilimwomba, nilimficha sigara, niligoma kumpikia. Nilikuwa na hasira naye na mama yake pia, na nilijua wote wawili walikuwa wanapendana tu.

Alikufa kwa mapafu, wakati milio ya mabomu ilipokuwa ikisikika mpaka Katoyi, tukamzika haraka kwa sababu watu walitaka kurudi makwao. Nikakaa eda, na mama akakaa nami chumbani, kwenye mkeka mmoja. Alasiri moja wageni walipoondoka, alinishika mkono, machozi yakimtoka.

"Nikuulize kitu. Ile kitu yake, niliisuuza muzuri?"

"Muzuri sana, mama."

"Labda haikutosha. Labda mafuta ya kiwanda ilibakia mu ile kitu, akawa anaivuta siku zote. Ni mie nilimuua?"

Ningeweza kumtua mzigo ule kwa sentensi moja: mwanawe hakuwahi kuivuta tena baada ya siku ile ya kwanza. Lakini angeuliza kwa nini hakuivuta, na jibu lilikuwa ile sufuria.

"Hapana, mama. Haikubakia hata kidogo. Uliisuuza muzuri."

Alinipapasa mkono, akaniambia niko mukwe mwenye huruma. Kisha akageukia ukuta, akaendelea kulia.