Macho ya Chini ya Kitanda

Juzi nilikuta viazi jikoni kwangu vimechipua macho meupe, nikakumbuka mchana ule wa utotoni, mtaani kwetu Naviundu.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu. Chumbani mlinukia mafuta ya mtoto na udongo mbichi, maana chini ya kitanda alikuwa ametandaza viazi vya mbegu vichipue. Mimi hilo sikulijua. Nilimjua mtoto tu, aliyelala kutwa amefumba macho.

Nje, kando ya mbabula, jiko letu lenye makaa mekundu, Tantine, jirani yetu mwuza viazi kutoka Kivu, alimwuliza Mama: "Na kule mu chumba, iko inafungula macho?"

"Bado kidogo," Mama akajibu, akipepea moto. "Yenye itashindwa kufungula macho, tutapika leo."

Ndege ilipita chini ikielekea uwanja wa Luano, na katika mngurumo wake nikajipenyeza chumbani, nikamfunua mtoto kope kwa kidole.

"Fungula," nikamnong'oneza. "Fungula, banakuya kukupika!"

Akapiga yowe. Mama akaingia mbio, kisu mkononi.

"Mama, iko na macho!" nikalia. "Usimupike!"

Mama na Tantine walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi mgodini, upande wa Kinsevere. Kila akitoka zamu hunipigia simu, na kabla ya salamu husema, akiniita mkubwa wake: "Yaya, ningali niko na macho."

Hapo ndipo ninapopumua.