Soko Linapumua

Mtangazaji waliyemwita Kinanda, kwa jinsi sauti yake ilivyowaingia watu taratibu masikioni, alikabidhiwa kipindi cha bei za hisa wakati mji mzima umeshikwa na homa ya hisa. Vinyozi, makarani, wauza vipuri, kila mmoja alikuwa na kampuni yake ya kuisifia. Kila mchana Kinanda aliingia kwenye kile chumba chenye sponji ukutani, akasogeza maikrofoni, akasoma: hii imepanda, hii imepanda, na hii nayo imepanda.

Alichokisoma hakukielewa, na hilo lilimkera. Basi akamfuata dalali wa hisa, mama mmoja mnene mwenye ofisi juu ya duka la viatu, akamwomba amfundishe kama anavyofundishwa mtoto. Mama alivua viatu chini ya meza, akamweleza kwamba watu wa soko wana wanyama wao wawili. Fahali hupiga kwa kurusha pembe juu. Bei zikipanda kwa muda mrefu na watu wakawa na imani, hilo ni soko la fahali. Dubu hupiga kwa kucha, kutoka juu kwenda chini. Bei zikianguka hadi kupoteza kama sehemu moja ya tano, zikazidi kudorora na watu wakakata tamaa, hilo ni soko la dubu.

"Na zikishuka siku mbili tatu tu?" Kinanda akauliza.

"Huyo bado ni fahali, anapumua."

"Sasa nitajuaje kama anapumua au dubu ndiyo kaingia?"

"Hujui, baba. Utajua baadaye. Ndiyo maana wakati kama huu ni mbaya. Aliyechunguza anapata, aliyebahatisha anapata, na wote wanajiona wana akili. Mtu aweke kile tu ambacho hata kikipotea, atakula na atalala."

Kinanda aliona maneno hayo yanastahili kusikika. Akamwendea mkuu wa vipindi, akaomba dakika chache awaeleze wasikilizaji habari za dubu. Mkuu hakumkatalia waziwazi. Alimkumbusha tu kwamba kipindi kinalipiwa na kampuni ya udalali, na kwamba msikilizaji akitishwa huzima redio. Akampa na neno la kutumia siku bei zikiteleza: soko linapumua. Kinanda alikuwa na watoto wanaosoma. Akalichukua.

Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa na seremala, mtu wa maneno machache, aliyeanza na randa ya mkono mpaka akapata mashine ya kuranda mbao, ikawa inanguruma kutwa bandani nyuma ya nyumba. Mchana ukifika aliizima amsikilize shemeji yake. Alinunua hisa kidogo, zikapanda, akaongeza. Wateja wakija kuchukua vitanda aliwaonyesha redio kwa kidole, akawaambia huyo ni shemeji yangu, utadhani bei anazipandisha Kinanda mwenyewe.

Siku moja akamwambia Kinanda anataka kuuza mashine ili aongeze hisa. Kinanda alishtuka. Akamweleza yote ya fahali na dubu, akamsihi mashine asiiguse, ndiyo inayolisha watoto. Seremala alisikiliza huku akijipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shemeji," akasema, "mbona redioni husemi hivyo?"

Kinanda alibabaika, akasema mambo ya ofisi ni ya ofisi. Seremala aliitikia kwa adabu, wakaagana, na Kinanda akarudi kwake akiamini amemzuia.

Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni bei zilianza kuteleza. Kinanda akasoma kwamba soko linapumua. Juma lililofuata likapumua tena. Siku aliyokwenda kwa yule dalali alikuta ngazi zimejaa watu, na mama aliyaona macho yake juu ya vichwa vyao akatikisa kichwa tu. Kinanda akajua. Kesho yake akasoma neno lilelile.

Mdogo wake alimngojea langoni mwa kituo cha redio. Hakulia.

"Kaka, mashine kaiuza," akasema. "Kaiuza bei ziliposhuka ile mara ya kwanza. Alisema, kaka yako kasema linapumua, basi sasa ndiyo wakati wa kununua."

Walikwenda pamoja. Bandani palikuwa kimya, na pale ilipokaa mashine sakafu ilikuwa na alama nne za kutu. Seremala alimkaribisha, akamfutia ubao wa kukalia. Hakumlaumu hata kidogo, na hilo lilimuuma Kinanda kuliko matusi.

"Shemeji, hapa ndiyo chini, au bado?"

"Sijui."

"Afadhali leo umesema."

Kesho yake Kinanda aliwaambia wasikilizaji kwamba soko limeanguka na hakuna ajuaye litafika wapi. Akaondolewa kwenye kipindi, akapelekwa stoo kupanga kanda za zamani. Hakuna aliyempigia simu kumpongeza. Waliokuwa wakisikiliza walikwishazima redio zao.

Seremala hakuweza kusubiri. Kodi ya nyumba ilimkaba, akauza hisa zote kwa bei ya kutupa, familia ikahamia chumba kimoja. Akawa kibarua wa kupiga msasa kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na vumbi likamkaa kifuani.

Miaka michache baadaye bei zilipanda tena, zikapita pale zilipokuwa mwanzo. Mkewe seremala alipopata habari alimvuta Kinanda pembeni.

"Kaka, yule usimwambie."

Hakumwambia. Jioni aliendelea kwenda kumwona, wakikaa mlangoni wakizungumza habari za mvua na za watoto, na seremala akikohoa, Kinanda alingoja mpaka kikohozi kipite.