Admini wa Mbotela

Fundi wa nguo hulamba kidole kabla ya kugusa simu, kama mtu anayetaka kutia uzi sindanoni. Chaki hukaa sikioni, tepu shingoni. Ndiye admini wa grupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa mtaa wa Mbotela, aliyoianzisha ili wapelekeane wateja. Kila asubuhi huandika ratiba ya siku, kisha huisoma tena kwa sauti, akijifurahisha mwenyewe. Aliyetuma maua ya "asubuhi njema" alitolewa bila kuulizwa. Mwishowe akaifunga grupu ili aandike yeye peke yake, na kwa wiki tatu akajisifu moyoni: kumbe watu hawa wana nidhamu, walikosa kiongozi tu!

Jana akamkuta Nthoki, muuza chapati wa mlango wa pili, akikanda unga beseni mbili. Oda ya harusi, Nthoki akamwambia, imetoka kwa ile grupu ingine.

"Grupu ipi? Mbona sikuambiwa?"

"Tungekuambia wapi, fundi, na ulitufunga mdomo?"

"Na nguo za harusi nani anashona?"

"Jamaa wa Makongeni."

Fundi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Wiki tatu nzima akihutubia ukuta, tena kwa ratiba! Akacheka hadi chaki ikamwanguka.

"Basi niingize, dada yangu."

Nthoki akamwingiza kwa kidole chenye unga. Fundi akalamba chake, akaandika kanuni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazifuta zote. Akatuma waridi.